Vitamini ikae kando ya methadoni, isikae mahali pake

Arosto, yaani mateso ya mwili uliokatiwa dawa ya kulevya uliyoizoea, huanza kwa miayo. Mtu anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtiririka kama mwenye mafua makali, vinyweleo vinasimama mwili mzima. Kwa anayetumia heroini hayo huja kati ya saa 8 na 24 tangu dozi ya mwisho, na huchukua siku 4 hadi 10 kuisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo za kutisha: tumbo linaendesha, mifupa inauma, miguu inarusha shuka bila mwenyewe kutaka, usingizi hauonekani. Mama anayekesha akimkanda mwanawe miguu usiku wa namna hiyo hana nafasi ya kuchagua matumaini. Mfa maji haishi kutapatapa. Akisikia kuna vitamini inayokata arosto, ataitafuta kabla hakujapambazuka.

Habari kwamba vitamini hutibu uraibu wa afyuni, yaani heroini, mofini, kodeini na jamaa zake, inazunguka sana, na wengi wanaoisambaza wana nia njema. Sitaki kuipuuza. Ndani yake mna sayansi ya kweli ambayo madaktari wengi wameipita haraka mno. Lakini mna pia ahadi moja inayoua, kwamba aliyevuka arosto kwa vitamini hahitaji tena methadoni, dawa anayopewa mraibu wa afyuni kila siku badala ya heroini, na mtu asipoitenganisha na hiyo sayansi, vyote viwili huingia nyumbani kwa mlango mmoja.

Chanzo chake ni cha zamani kidogo. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Alfred Libby na Irwin Stone, waliandika kuhusu watu 30 wenye uraibu waliopewa vitamini C kwa makumi ya gramu kwa siku, pamoja na protini na vitamini nyingine. Stone ndiye mwanabiokemia aliyemvutia Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, kwenye mambo ya vitamini C. Wawili hao waliripoti kwamba arosto ilikuwa nyepesi na hamu ya kula ilirudi ndani ya siku chache. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishia. Kila aliyekuwemo alijua anapewa nini, na kila mpimaji alijua anatarajia kuona nini. Mwaka 2000 watafiti wa Ugiriki walisonga mbele kidogo: waliwapa watumiaji wa heroini miligramu 300 za vitamini C kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wengine wakiongezewa vitamini E, kwa wiki zisizopungua 4. Dalili kali za arosto zilionekana kwa karibu mmoja kati ya 6, ilhali katika kundi lililopewa dawa za kawaida za kutuliza ilikuwa zaidi ya nusu.

Matokeo hayo ni makubwa, na ndiyo sababu yanahitaji kukaguliwa kwa jicho kali. Hebu tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 kwa kipimo hicho anameza gramu 18 kwa siku. Kiwango cha juu kinachohesabiwa kuwa salama kwa mtu mzima ni gramu 2. Tena utumbo wa binadamu una mlango mwembamba kwa vitamini C: vipimo vilivyofanywa Marekani katika miaka ya 1990 kwa vijana wenye afya vilionyesha kwamba dozi ikishapita miligramu 200 hadi 400 kwa siku, kiasi kilichomo kwenye damu hakipandi sana tena. Kinachozidi hutoka kwa mkojo, na ambacho hakikufyonzwa hubaki tumboni kikivuta maji na kuleta kuhara. Huyo tunayemtibu tayari anaharisha. Nikiambiwa gramu 18 zimeituliza arosto yake, nataka kwanza nionyeshwe damu yake ilikuwa na kiasi gani, figo zake zilikuwaje, na kama yeye na aliyempima wote walikuwa hawajui amemeza nini.

Sababu inayonifanya nisifunge faili hapo ni kemia yenyewe, kwa maana kemia inaeleza jambo la kuvutia sana.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili watu wengi huziita antioksidanti "viondoa sumu". Jina hilo limekaa vizuri mdomoni lakini linapotosha, hasa kwenye jambo hili. Mtu akisikia kiondoa sumu anadhani vitamini itamsafisha heroini mwilini. Haifanyi hivyo. Heroini hugeuzwa kuwa mofini ndani ya dakika chache, na mofini hutolewa na ini na figo kwa utaratibu wake, uwe umemeza vitamini au hukumeza. Inayobaki baada ya dawa kutoka ni ubongo na uti wa mgongo vilivyojipanga upya kuishi na dawa. Kazi ya antioksidanti ni nyingine kabisa: hutoa elektroni yake kwa chembe huru, zile molekuli zenye upungufu wa elektroni ambazo hunyakua kutoka kwa chochote kilicho karibu, kiwe mafuta ya utando wa seli, protini au vinasaba. Ni kazi ya kuzuia kutu, wala si ya kufagia taka.

Sasa, mofini inahusianaje na kutu? Seli za neva zinapopokea mofini siku baada ya siku, uti wa mgongo huanza kutengeneza kwa wingi chembe mbili, superoksidi na naitriki oksaidi. Zikikutana huzaa kitu kikali zaidi kiitwacho peroksinaitraiti. Mwili una mlinzi wake dhidi ya superoksidi, kimeng'enya kinachobeba madini ya manganizi na kuishi ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Peroksinaitraiti humvamia mlinzi huyo na kumlemaza. Mlinzi akilala, superoksidi inazidi, peroksinaitraiti inazidi, na mduara unajilisha wenyewe. Mwaka 2007 kikundi cha Daniela Salvemini wa Chuo Kikuu cha Saint Louis kilionyesha kwamba panya waliopewa kemikali inayoivunja peroksinaitraiti hawakuizoea mofini kama wenzao: dozi ileile iliendelea kutuliza maumivu. Miaka ya 1990 wengine walikuwa wameshaonyesha kwamba ukizuia utengenezaji wa naitriki oksaidi, panya waliozoeshwa mofini hupata arosto nyepesi zaidi.

Soma tena hapo, kwa sababu ndipo ilipo nguvu ya hoja yote. Kuzoea dawa, yaani ile hali ya dozi ya jana kutotosha leo, hakukai kwenye vipokezi, ile milango ya seli inayoshika dawa, peke yake. Kwa sehemu ni jeraha la kemikali kwenye uti wa mgongo. Na jeraha la kemikali ya aina hiyo ndilo ambalo antioksidanti, angalau kwa nadharia, inaweza kulipunguza. Toka hapo maabara nyingi zimejaribu vitamini C, vitamini E, melatonini, kwasetini, kukumini ya manjano na asidi ya alfa lipoiki kwa panya, na mara nyingi mazoea hupungua na arosto hulegea.

Lakini panya ni shahidi mwenye walakini, na kwa vitamini C walakini huo ni wa pekee. Panya hutengeneza vitamini C mwenyewe, ndani ya ini lake. Binadamu hawezi, maana kinasaba cha kimeng'enya cha mwisho katika utengenezaji huo kiliharibika kwa mababu zetu zamani mno. Kwa hiyo ukimpa panya vitamini C unaongeza kwenye ghala lililojaa. Ukimpa binadamu ambaye kwa miezi ameishi kwa chai na sigara, huenda unajaza ghala tupu. Hilo lina pande mbili. Linaweza kumaanisha kwamba dozi za panya hazituambii chochote kuhusu sisi. Linaweza pia kumaanisha kwamba faida kwa binadamu, kwa dozi ndogo tu, ni kubwa kuliko panya wanavyoonyesha, mradi mtu huyo kweli alikuwa na upungufu.

Na upungufu upo. Vipimo vya damu vya watu wanaotumia heroini vimeonyesha vitamini C na E kidogo kuliko kwa wasiotumia. Ni rahisi kukimbilia hitimisho kwamba heroini ndiyo imezila. Huenda kwa sehemu. Lakini tazama siku ya mtu huyo: asubuhi inaishia kutafuta pesa, mchana unaishia kutafuta muuzaji, chakula kinakuja kikibaki kitu. Afyuni inaua hamu ya kula na kuufunga utumbo. Karibu wote wanavuta sigara, na mvutaji anahitaji miligramu 35 zaidi ya vitamini C kila siku kuliko asiyevuta, juu ya zile 75 za mwanamke na 90 za mwanamume. Vitamini C hiyohiyo ndiyo hutumiwa na kimeng'enya kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, kemikali mbili za mawasiliano ya neva, na pia na kimeng'enya kingine kinachokamilisha baadhi ya homoni za neva. Mwili uliopungukiwa hivyo ukiingia kwenye arosto unaingia vitani bila akiba. Kumlisha mtu huyo si tiba mbadala. Ni deni la kawaida la uuguzi, na inashangaza ni mara ngapi halilipwi.

Ushahidi ninaouamini zaidi kwa binadamu unatoka mahali ambapo watetezi wa vitamini hawapataji sana, nao ni chumba cha upasuaji. Mwaka 2012 madaktari wa Lebanon walichapisha jaribio la wagonjwa 80 waliokuwa wanatolewa kibofu cha nyongo kwa njia ya tundu dogo. Nusu walipewa gramu 2 za vitamini C saa moja kabla ya upasuaji, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopata vitamini walitumia mofini miligramu 16 hivi, wenzao 23 hivi, na maumivu waliyoripoti yalikuwa sawa. Jaribio ni dogo na upasuaji ni wa aina moja tu. Hata hivyo hapa kila kitu kina mantiki: dozi haivuki kiwango salama, muda ni mfupi, na lengo ni la kawaida. Wengi walioingia kwenye afyuni kupitia hospitali walianza kwa maumivu halali na cheti halali. Kila miligramu ya mofini inayopunguzwa wodini bila kumwongezea mgonjwa maumivu ni miligramu ambayo mwili wake haukupata kuizoea. Kama mtu angeniuliza antioksidanti zina nafasi wapi katika tatizo hili, ningemwonyesha mwanzo wa njia, kabla utegemezi haujaota mizizi, kuliko mwisho wake.

Kuna kitu kingine kinachotajwa sana, N-asetilisisteini, ambayo si vitamini ila ni malighafi ya glutathioni, antioksidanti kuu ya seli. Mwaka 2008 Zhou na Kalivas walionyesha kwamba panya waliokuwa wamezoeshwa kujidunga heroini, wakipewa dawa hii, walipunguza kuitafuta hata walipoonyeshwa ishara zilizowakumbusha, na athari ilidumu baada ya dawa kusimamishwa. Inadhaniwa kwamba inarekebisha mtiririko wa glutamati, kemikali ya mawasiliano ya neva, kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha tamaa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikafuatilia ilivyokwenda kwa dawa nyingine za kulevya. Kwa bangi, jaribio la mwaka 2012 kwa vijana wadogo lilitoa matokeo mazuri. Lile la mwaka 2017 kwa watu wazima 302 halikuonyesha tofauti na kidonge tupu. Hivyo ndivyo matumaini ya maabara yanavyokutana na watu.

Hapo hapo nitaje jambo moja la haraka ambalo halibishaniwi. Vidonge vingi vya kodeini huchanganywa na paracetamoli. Aliyenaswa na kodeini akiongeza vidonge anaongeza paracetamoli pia, na paracetamoli ikizidi humaliza glutathioni ya ini mpaka ini linaanza kufa, mara nyingi bila dalili kubwa siku ya kwanza. N-asetilisisteini ndiyo dawa ya kumwokoa, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Wapo watakaosema: hata kama haijathibitishwa, vitamini ina ubaya gani? Swali hilo limeshajibiwa, na kwa gharama. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la Finland lililowahusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara. Ilitarajiwa kwamba beta-karotini, antioksidanti ya kwenye karoti, ingewakinga na saratani ya mapafu. Waliomeza vidonge vyake walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Miaka miwili baadaye jaribio la Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hiyohiyo, ongezeko likiwa asilimia 28. Sasa kumbuka nilichosema juu ya sigara. Anayemwandikia mraibu wa afyuni mchanganyiko wa antioksidanti za dozi kubwa anamwandikia mvutaji sigara. Karoti aile. Kidonge cha beta-karotini akiache.

Vitamini C nayo kwa dozi kubwa huongeza oksalati kwenye mkojo na kuwaletea baadhi ya watu mawe ya figo. Ikitundikwa kwa dripu ya dozi kubwa kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Na mkojo ukiwa na asidi nyingi, methadoni hutoka mwilini haraka zaidi. Kwa hiyo aliye kwenye methadoni akianza kumeza chochote cha dozi kubwa, amwambie anayempa dozi yake kwenye dirisha la kliniki. Asione aibu.

Lakini hatari kubwa haimo kwenye kidonge cha vitamini. Imo kwenye ile sentensi inayokisindikiza: "Ukimaliza arosto umepona."

Mwaka 2003 watafiti wa Stockholm walichapisha jaribio la watu 40 waliotegemea heroini. Wote walipata ushauri nasaha, tiba ya vikundi na ufuatiliaji wa karibu. Ishirini walipewa buprenofini, dawa yenye kazi kama ya methadoni, kila siku kwa mwaka mzima. Ishirini walipunguziwa kwa siku 6 kisha wakapewa kidonge tupu. Mwaka ulipoisha, asilimia 75 ya kundi la kwanza walikuwa bado kwenye matibabu. Katika kundi la pili hakubaki hata mmoja, na 4 kati ya 20 walikuwa wamekufa. Hao wanne walikuwa wameshavuka arosto. Ndicho kilichowafanya wawe hatarini: mwili uliosahau dawa hauwezi tena kubeba dozi ya zamani, na anayerudia siku ya kwanza hurudia kwa kipimo alichokizoea.

Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2017 ulikuta hali ileile kwa upana zaidi. Kwa kila watu 1,000 walio kwenye methadoni kwa mwaka, walikufa 11 hivi. Kwa walioacha methadoni, 36. Wiki 4 za kwanza baada ya kuacha zina vifo vingi mno. Shirika la Afya Duniani liliweka methadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na kwa takwimu za aina hiyo ni rahisi kuona kwa nini. Mtu anayemshawishi mgonjwa aache dawa hizi "za kemikali" apate vitamini "za asili" anamtoa kwenye kundi la 11 na kumpeleka kwenye kundi la 36. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule mama, ningemwambia hivi. Mwanao anywe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, arudishie anayoyapoteza. Akianza kula, ale matunda, mboga za majani, mayai, mbegu, samaki akipatikana. Usimlazimishe sahani kubwa, tumbo lake limefunga duka muda mrefu. Kidonge cha kawaida cha vitamini, cha dozi ya kila siku, hakitamdhuru. Lakini kesho asubuhi mpeleke mahali wanapotoa methadoni au buprenofini, na usikubali mtu yeyote akuambie kwamba amefeli kwa kuwa anakunywa dawa. Na kama naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, inapatikana, iwe ndani ya nyumba, na kila mmoja ajue ilipo.

Kwa watafiti nina ombi moja, nalo halihitaji maabara ya kifahari. Wachukueni watu mia kadhaa wanaoanza methadoni. Wapimeni vitamini C na E kwenye damu. Wote waendelee na methadoni bila kuguswa. Nusu wapate vitamini C kwa dozi ambayo utumbo unaweza kuifyonza, nusu kidonge tupu, na mgonjwa wala muuguzi asijue nani anapata nini. Wafuateni mwaka mzima: nani amebaki kwenye matibabu, dozi ya methadoni imepanda kiasi gani, usingizi ukoje, uzito umerudi. Waliokuwa na upungufu watazamwe peke yao. Vitamini C haina hataza ya mtu, hakuna kampuni itakayotajirika kwa jibu lake, na ndiyo sababu karibu nusu karne baada ya Libby na Stone bado tunabishana juu ya wagonjwa makumi machache. Fedha za jaribio hilo itabidi zitoke kwa umma, na zingekuwa ndogo ukilinganisha na zinazotumika kuzika.